Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kuzima vipengele vya hiari vya GCC kwenye Gentoo, kwa sisi wa visiwani

Nakaa Chake Chake, Pemba, na kompyuta zangu zote zinatumia Gentoo. Vijana wa hapa na wa Unguja huniuliza mambo yale yale kila mara, wengine kwa simu, wengine hunisimamisha njiani nikitoka msikitini. Mzizi wa maswali yao ni mmoja: kukompaili GCC, ile kompaila inayogeuza msimbo kuwa programu ya kuendeshwa, kunakula usiku mzima na uniti za umeme, nizime nini ili kazi iishe mapema? Jibu langu kwa ufupi ni hili. Zima lugha usizozitumia, usiguse kinga, na kabla ya yote hayo tizama kwanza kama una haja ya kuikompaili GCC mwenyewe. Maelezo yako hapa chini.

Gentoo ni nini khasa, na kwa nini kila kitu kijengwe upya?

Ni Linux iliyoanzishwa na Daniel Robbins, toleo 1.0 lilitoka tarehe 31 Machi 2002. Jina ni la aina ya pengwini mwenye mbio sana majini. Linux nyingine hukuletea programu iliyo tayari kuliwa. Gentoo kwa desturi yake hukuletea msimbo wenyewe, na kompyuta yako ndiyo inayoupika. Ni sawa na kununua mpunga badala ya mchele: kutwanga na kupepeta ni juu yako, lakini unajua kila punje imetoka wapi na umeacha nini. Kazi yote inasimamiwa na Portage, na amri yake kuu ni `emerge`.

Nikisema kifurushi katika ukurasa huu nakusudia programu moja pamoja na maelekezo ya kuijenga. La intaneti nitaliita bando.

Swichi za USE ni kitu gani?

Ni maneno mafupi yanayomwambia Portage kipengele gani kiingie ndani ya programu na kipi kiachwe. Neno likiwa peke yake kipengele kimewashwa. Likitanguliwa na alama ya kutoa kimezimwa. `fortran` maana yake nataka, `-fortran` maana yake sitaki. Mimi naziita swichi kwa sababu zinafanya kazi ya swichi ya taa, isipokuwa hapa ukibonyeza inabidi ujenge nyumba upya ndipo taa izime.

Nitajuaje swichi zipi zimewashwa kwenye GCC yangu?

Andika:

`emerge -pv sys-devel/gcc`

Herufi `p` inazuia chochote kisijengwe, kwa hiyo usiogope. Utaona mstari mrefu wa swichi. Iliyo na nyota imebadilika tangu mara ya mwisho ulipojenga. Iliyo ndani ya mabano imeamuliwa na profaili ya mfumo wako, yaani mpangilio wa msingi wa Gentoo ulioujengea, wewe huna kauli juu yake. Mabano hayo yaheshimu, yamewekwa na watu walioungua kabla yako.

Kwa nini GCC ni nzito hivyo? Si kompaila ya C tu?

Ilikuwa. Richard Stallman alipoitoa mwaka 1987 ilikuwa kompaila ya C. Mwaka 1999 maana ya herufi zake ikabadilishwa, kutoka GNU C Compiler kuwa GNU Compiler Collection, kwa kuwa ilikwisha kuwa mkusanyiko wa kompaila za lugha nyingi: C, C++, Fortran, Ada, Objective-C, na baadaye Go na D.

Uzito mwingine unatokana na namna inavyojijenga. GCC hujengwa mara tatu. Kompaila uliyonayo inajenga GCC mpya. Hiyo mpya inajijenga yenyewe. Kisha ile iliyojengwa na mpya inajijenga tena. Mwisho mazao ya hatua ya pili na ya tatu yanalinganishwa, na yakitofautiana kazi inasimama. Huo ni uaminifu mkubwa katika kazi ya ufundi, na mimi siushauri uukatize. Lakini ndiyo sababu kila kitu unachokiongeza kinalipiwa zaidi ya ulivyodhani, na kila unachokipunguza kinakurudishia zaidi pia.

Basi zipi nizime bila wasiwasi?

Lugha. Hapo ndipo penye muda wa kweli.

`ada`, `d`, `go`, `objc` na `objc++` kwa kawaida huzikuti zimewashwa, lakini nimeshaona kompyuta nyingi ambazo mwenyewe aliziwasha zote siku ya kwanza kwa kudhani kamili ndiyo bora. Zima. `objc` utaihitaji ukitumia programu za GNUstep, na hapa kwetu sijakutana na anayezitumia. `ada` ina tabia yake: ili kuijenga lazima uwe na kompaila ya Ada tayari, kwa hiyo ukiizima leo na kuitaka mwakani utakuwa na safari kidogo. Kama hujawahi kuandika mstari mmoja wa Ada, safari hiyo haikuhusu.

`go` nataka niisemee, maana inawapoteza wengi. Mtu anaandika programu za Go, anaona swichi ya `go` kwenye GCC, anaiwasha. Haina haja. Kompaila ya Go inayotumiwa na karibu watu wote iko kwenye kifurushi kingine, `dev-lang/go`, nayo haitegemei Go ya GCC hata kidogo. Kuizima kwenye GCC hakukunyimi kitu.

`jit` zima, ila kama unatumia kihariri cha Emacs kilichojengwa kwa kukompaili msimbo wake wa Lisp kuwa msimbo wa mashine, jambo lililoingia toleo la 28. Ukiwa nayo, Portage mwenyewe atakudai `jit`.

`doc`, `test`, `vtv`, `systemtap`, `valgrind`: kama hujui kazi yake, huitumii. Faida ya kuzizima ni ndogo, hazinishughulishi.

Wakati wa mavuno nyumba nyingi za hapa jioni hukaa jamvini kuchambua karafuu, tunda upande huu, makonyo upande ule. Mtoto anayeanza hutaka kutupa makonyo nje. Mkubwa humzuia, kwa kuwa makonyo yana soko lake. Kiwanda cha hapo Wawi kinayakamua mafuta. Swichi za GCC nazichukulia vivyo hivyo. Ninapoizima `fortran` sisemi ni takataka. Nasema haiendi kwenye gunia langu. Na gunia la jirani yangu linaweza kuihitaji kuliko kitu chochote.

Fortran je? Si lugha ya zamani?

Ya zamani, na bado inabeba hesabu za dunia. Ukitumia R, Octave, SciPy au chochote kinachosimama juu ya LAPACK (maktaba, yaani mkusanyo wa msimbo wa hesabu), Fortran inahitajika kuvijenga. Modeli za bahari kama ROMS na za hali ya hewa kama WRF zimeandikwa kwa Fortran. Kwa hiyo mwanafunzi wa sayansi za bahari anayehesabu mikondo ya mlango wa Pemba asiizime. Anayeandika tovuti, anayejifunza C, anayetumia kompyuta kwa barua na picha, aizime. Ni ya pili kwa faida baada ya zile lugha nilizozitaja, kwa sababu yenyewe kwa kawaida unaikuta imewashwa, kwa hiyo kuizima ni kuokoa muda ambao sasa hivi unaulipa.

`openmp` nayo nizime?

Hapana. Inaruhusu programu kugawa kazi kwenye prosesa zote kwa pamoja, na ImageMagick, RawTherapee, Blender na nyinginezo huitaka. Ukiizima utaokoa muda mdogo kwenye GCC, halafu utaulipa kila siku kwenye programu nyingine, na baadhi zitakataa kujengwa kabisa.

Na `sanitize`? Nimeambiwa ni ya mafundi wakubwa tu.

Aliyekwambia hivyo amekudhulumu. Hii ni ya anayejifunza kuliko ilivyo ya fundi.

Kijana mmoja wa Wete alinijia na programu yake ya C ya kujumlisha pishi za karafuu za wachumaji kumi. Kwenye laptopu yake jumla ilitoka sawasawa. Kwenye ya mwenzake ilitoka namba ya ajabu, kubwa kuliko shamba zima. Siku mbili alikuwa akiisoma na haoni kosa. Tukakaa barazani tukaijenga tena hivi:

`gcc -g -fsanitize=address hesabu.c -o hesabu`

Akaiendesha. Programu ikasimama pale pale na kuandika `stack-buffer-overflow`, ikataja faili na namba ya mstari. Mstari wenyewe ulikuwa huu:

`for (i = 0; i <= 10; i++) jumla += pishi[i];`

Safu ilitangazwa `int pishi[10]`, maana yake nafasi zake ni 0 mpaka 9. Alama ile ya "ndogo au sawa" ilikuwa ikimpeleka kwenye nafasi ya kumi na moja, ambayo si yake, na kuokota chochote kilichokuwapo kwenye kumbukumbu. Kwake kilikuwa sifuri. Kwa mwenzake kilikuwa takataka. Akaufuta usawa, kazi ikaisha.

Kama angekuwa amezima `sanitize` kwenye GCC yake, amri ile ingeshindwa kwa kukosa maktaba ya `libasan`, na angeendelea kukodoa macho siku ya tatu. Iache. Atakayeizima ni mwenye kompyuta inayotumika kama seva tu, ambayo hakuna mtu anayeandikia programu juu yake.

`graphite`, `lto` na `pgo` ni nini?

Tatu hizi huchanganywa, nazo hazifanani.

`graphite` inaipa kompaila uwezo wa kupanga upya vitanzi vya hesabu, na inategemea maktaba ya `isl`. Ukitaka kuizima, kwanza fungua `/etc/portage/make.conf` utizame kama kwenye `COMMON_FLAGS` umeandika `-fgraphite-identity` au `-floop-nest-optimize`. Viondoe kabla. Ukivisahau, GCC mpya itakataa kujenga kitu chochote, na utadhani umeharibu mfumo kumbe ni neno moja tu.

`lto` kwenye GCC maana yake ni kwamba GCC yenyewe ijengwe kwa njia hiyo. Haihusiani na uwezo wako wa kutumia `-flto` kwa programu nyingine. Huo unabaki hata ukiizima. Wengi hawalijui hili, wanaiacha imewashwa kwa hofu, na inawala RAM wakati wa kujenga.

`pgo` hujenga GCC, huiendesha ili kupima inapita wapi zaidi, kisha huijenga tena kwa kufuata vipimo. Kompaila inayotoka ina kasi zaidi, sikatai. Lakini muda wa kujenga unarefuka mno. Kwa mtu anayekompaili kutwa kucha inalipa. Kwa laptopu moja ya nyumbani, zima `lto` na `pgo`.

Zipi nisiziguse kabisa?

`pie`, `ssp`, `cet`, `default-stack-clash-protection` na `default-znow`. Hizi ni kinga. Zinamfanyia ugumu mtu anayetaka kugeuza kosa dogo la programu kuwa mlango wa kuingilia kwenye kompyuta yako. Muda unaookolewa kwa kuzizima wakati wa kujenga GCC ni kama hakuna, na kila programu utakayoijenga baadaye itatoka bila kinga hiyo. Watu wetu wanaweka picha za harusi, nyaraka za viwanja na pesa za simu kwenye mashine hizi. Sitamsaidia mtu kuzima kinga ili aokoe dakika.

`pie` ina hatari nyingine juu ya hiyo. Ukiibadilisha, maktaba zako za zamani zisizohama (static) hazikubaliani tena na programu mpya, na utaanza kuona makosa ya `R_X86_64_32` kila unapojenga. Gentoo ilipoifanya `pie` kuwa kawaida, kwa profaili za 17.0 mwishoni mwa 2017, watumiaji walitakiwa kujenga mfumo mzima upya. Fikiria hiyo kwa umeme wetu.

`cxx` ndiyo C++. Mara nyingi utaikuta ndani ya mabano. Tangu toleo 4.8 la mwaka 2013, GCC yenyewe inahitaji kompaila ya C++ ili ijengwe. Ukiweza kuizima kwa ujanja, umejifungia nje na ufunguo umeuacha ndani.

`multilib` usiizime kwa swichi. Kama hutaki programu za biti 32 kabisa, hiyo ni kazi ya kuchagua profaili isiyo nayo, tena siku ya kusakinisha, si baada ya mwaka.

Ustadh, kwa nini nisiandike `USE="-*"` nikamaliza yote?

Kwa sababu nyota ile haichagui. Inafuta pamoja na yale ambayo profaili imekuwekea kwa maslahi yako. Nimeitwa mara kadhaa kufufua kompyuta za namna hiyo, na kila mara tumeishia kusakinisha upya. Chambua kwa mkono.

Na `nls`?

Inaleta tafsiri za ujumbe wa kompaila. Kwenye lugha za tafsiri za GCC Kiswahili hakimo, jambo linaloniuma, maana mwanafunzi wetu anagombana na kosa la programu na lugha ya kigeni kwa wakati mmoja. Siku tafsiri itakapopatikana nitakwambia uiwashe. Kwa sasa ukiizima hukosi kitu, na muda unaookoa ni mchache.

Nimeelewa. Nafanyaje hatua kwa hatua?

Kwanza hifadhi GCC uliyonayo, iliyo nzima:

`quickpkg sys-devel/gcc`

Itawekwa kwenye `/var/cache/binpkgs`. Hatua hii usiiruke. Ukijenga upya toleo lile lile, jipya linachukua nafasi ya la zamani, na likitoka na kasoro huna kompaila ya kutengenezea kompaila.

Kisha tengeneza faili `/etc/portage/package.use/gcc` na uandike mstari mmoja:

`sys-devel/gcc -ada -d -go -objc -objc++ -fortran -jit -lto -pgo`

Ondoa kwenye mstari huo chochote unachokihitaji. Usiandike haya kwenye `USE` ya `make.conf`, kwa sababu ile ni ya mfumo mzima; maneno kama `jit` na `lto` yana maana nyingine kwa vifurushi vingine, na utakuwa umezima kwa watu usiowajua.

Tizama tena kwa `emerge -pv sys-devel/gcc`. Ukiridhika:

`emerge --ask --oneshot sys-devel/gcc`

Neno `--oneshot` linazuia GCC isiingizwe kwenye orodha ya vitu ulivyovichagua wewe. Ikimaliza, andika `gcc-config -l` kuhakikisha iliyochaguliwa ni ile unayoitaka, halafu `source /etc/profile`. Jenga kitu kidogo kwanza, programu ya kuandika salamu hata, kabla ya kuanza kusasisha mfumo.

Portage anakataa, anasema swichi fulani lazima iwashwe.

Basi kuna kifurushi kinachoihitaji, naye anakutajia jina. Soma jina. Mara nyingi ni `fortran` inayodaiwa na `lapack`, na `lapack` imeletwa na programu uliyoisakinisha mwaka jana ukaisahau. Una njia mbili tu za haki: uiondoe programu ile, au urudishe swichi. Ukikubali mabadiliko anayoyapendekeza Portage, yathibitishe kwa `dispatch-conf`, na uyasome kabla ya kuyakubali.

Umeme ukikatika katikati ya kujenga, mfumo umekufa?

La. Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na lina haki. Unguja ilikaa bila umeme wa gridi takriban mwezi mzima kati ya Mei na Juni 2008, na tena kama miezi mitatu kuanzia Desemba 2009, waya wa baharini kutoka bara ulipoharibika. Sisi Pemba tulitegemea majenereta ya dizeli mpaka tulipounganishwa na Tanga kwa waya wa baharini mwaka 2010. Mambo ni mazuri zaidi sasa, lakini hofu ile haijatoka mwilini, na uniti za Tukuza nazo huisha saa nane za usiku bila kumuuliza mtu.

Portage hujenga kila kitu ndani ya `/var/tmp/portage`, pembeni. Haigusi mfumo wako mpaka kazi yote iishe, ndipo huhamisha mafaili. Umeme ukikatika wakati wa kujenga umepoteza muda, mfumo uko salama. Wakati wa hatari ni zile dakika za mwisho za kuhamisha mafaili. Ukiona maandishi yamefika huko, usiguse waya.

Laptopu yenye betri nzima ndiyo rafiki yako mkubwa. Umeme ukikatika, ilaze kwa `loginctl suspend`. Ukirudi, iamshe, na kazi inaendelea pale pale ilipokuwa. Hakuna haja ya kuanza upya. Nimejenga GCC kwa vipande vitatu namna hii, kikiwemo kimoja nilichokimaliza baada ya futari.

Ikizimika kabisa, `emerge --resume` itarudi kwenye orodha, lakini kifurushi kilichokuwa kikijengwa kitaanza mwanzo. Ukiwa na `FEATURES="keepwork"` kilichokwisha jengwa hakifutwi na unaweza kuendelea nacho. Ila nakutahadharisha: mashine ikizimika ghafla, mafaili yaliyokuwa yakiandikwa hubaki nusu au matupu. Kwa programu nyingine nitajaribu kuendelea. Kwa GCC naanza upya. Sitaki kompaila iliyojengwa kwa mabaki.

Na kama umeiweka `/var/tmp/portage` kwenye RAM ili iende kasi, umeme ukikatika kwenye kompyuta ya mezani vyote vimeondoka.

Nina RAM ya 4 GB. Inakwama kila mara.

Tatizo lako huenda si swichi. Tizama `MAKEOPTS` kwenye `make.conf`. Kanuni ya Gentoo ni angalau 2 GB za RAM kwa kila kazi inayokwenda sambamba, kwa hiyo wewe andika `-j2`, hata kama prosesa zako ni nne. Hakikisha `lto` ya GCC imezimwa. Weka na eneo la swapu, sehemu ya diski inayoisaidia RAM.

Joto nalo ni sehemu ya hesabu. Kaskazi linapovuma, kati ya Desemba na Machi, chumba cha bati mchana ni tanuri, na prosesa ikipata moto hujipunguza kasi yenyewe. Jenga usiku, inua laptopu isilale juu ya godoro, na safisha feni. Chumvi ya bahari na vumbi hukamatana humo zikawa kama udongo.

Nitajuaje nimeokoa muda kiasi gani?

Sakinisha `app-portage/portage-utils`, kisha `qlop -tv gcc`. Itakuonyesha kila mara uliyojenga GCC na muda uliotumika. Linganisha mwenyewe kabla na baada. Usichukue namba za mtu mwingine, mashine hazifanani.

Kwani siwezi kuipakua GCC iliyo tayari?

Unaweza, na hapa wengi hawatarajii jibu langu. Tarehe 29 Desemba 2023 Gentoo ilitangaza kwamba inatoa vifurushi vilivyokwisha jengwa, kwa mashine za `amd64` na `arm64`. Ukiweka mipangilio yake kwenye `/etc/portage/binrepos.conf`, amri hii inatosha:

`emerge --ask --oneshot --getbinpkg sys-devel/gcc`

Lakini Portage atachukua kilicho tayari endapo swichi zake zinalingana na zako. Wewe uliyezima `fortran` ili uokoe muda, umejitoa kwenye kile ambacho ungekipata bila kujenga chochote. Utakesha ukijenga GCC nyembamba, na mwenzako aliyeacha swichi za kawaida ameipata kwa dakika chache, amelala.

Kwa hiyo ninayemshauri azime ni mwenye sababu: anajenga kwa `-march` yake maalumu (chaguo la kulenga aina fulani ya prosesa), ana diski ndogo, ana swichi nyingine ambazo zinamlazimu kujenga kwa vyovyote, au anataka kujifunza kompaila inavyoungwa. Hiyo ya mwisho naiheshimu kuliko zote. Lakini kama shida yako ni umeme na muda tu, acha swichi za GCC zilivyo na upakue.

Bando langu dogo. Tunaweza kugawana?

Mnaweza, na inafaa mfanye hivyo. Msimbo wa GCC ni faili moja la zaidi ya 80 MB. Lipakue kwa `emerge --fetchonly sys-devel/gcc` usiku bando likiwa rahisi, kisha nakili `/var/cache/distfiles` kwenye flashi umpe mwenzako. Flashi zangu zimeshapanda boti ya Mkoani kwenda Unguja mara nyingi.

Bora zaidi ni kujenga mara moja kwenye mashine yenye nguvu, kwa `FEATURES="buildpkg"`, na kuwagawia wengine kilichokwisha jengwa. Maabara ya skuli yenye kompyuta kumi zinazofanana haina sababu ya kujenga GCC mara kumi. Sharti moja: msitumie `-march=native` kwenye mashine ya kujengea. Ikiwa ni mpya kuliko nyingine, programu zitakufa kwenye zile za zamani kwa kosa la amri isiyojulikana. Andikeni `-march=x86-64`, na swichi ziwe sawa kote.

Natumia Clang, kompaila nyingine. Naweza kuiondoa GCC kabisa?

Kwenye mfumo wa kawaida wenye glibc (maktaba ya msingi ya C), usiiondoe.

Mimi nafuata Linux From Scratch, kitabu cha kujenga Linux mwenyewe tangu mwanzo, sina Portage.

Wewe unachagua wakati wa `configure`, amri ya kupanga kabla ya kujenga. Lugha zinatajwa kwa `--enable-languages=c,c++`, na `--disable-multilib` kama huna haja ya biti 32. `--disable-bootstrap` inaondoa ile hatua ya kujijenga mara tatu. Kitabu cha mradi huo kinaitumia kwa sababu kompaila yako imekwisha jengwa kwa hatua zilizotangulia. Usiige hilo nje ya mpangilio huo. `--enable-default-pie` na `--enable-default-ssp` ziandike kwa mkono wako, kwa kuwa huko hakuna profaili ya kukukumbusha.

Nimezima `openmp` na sasa programu zinasema `libgomp.so.1` haionekani.

Rudisha swichi kwenye `package.use`. Kama ulifanya `quickpkg` mwanzoni, `emerge --oneshot --usepkgonly sys-devel/gcc` itakurudishia ya zamani bila kukompaili. Kama hukufanya, jenga GCC upya ikiwa na `openmp`, na baadaye `emerge @preserved-rebuild` kwa zile ambazo Portage amezishikilia maktaba za zamani. Ukiwa umefanya hivyo na programu bado hazifunguki, andika `ldd` na njia ya programu, kisha niletee mistari yote yenye `not found`; kwa hiyo naweza kukusaidia hata kwa simu.